Usinishike Hata Nikiyumba

Mwanamume yule alitokea langoni wakati naanika soksi za mwenye nyumba kwenye kamba, na kabla sijamwona uso nilikuwa nimeshamwona mguu.

Ndivyo tulivyo sisi watu wa karakana ya viungo bandia. Wengine wakikutana na mtu humtazama macho, wengine nguo. Sisi tunatazama anavyokanyaga. Wa kulia ulikuwa unatua sawasawa. Wa kushoto uligusa changarawe kidogo tu, kisha ukainuliwa haraka kama uliokanyaga kaa la moto. Nikajua mguu umemlegea na unamla. Maskini ya Mungu, na kilima chote kile amekipanda hivyo hivyo.

“Karibu kaka, pole na kilima,” nikamwambia, nikaziacha soksi zikining’inia. “Karakana haifunguliwi Jumamosi, lakini umefika kwa fundi. Kaa hapo kwenye ngazi, uvue nikutazame.”

Akasimama. Begi lilikuwa begani, koti mkononi. “Nivue nini?”

“Mguu. Ni huo wa kushoto, sivyo?”

Aliuangalia mguu wake, akaniangalia mimi, akauangalia tena kama mtu aliyeambiwa ameota mkia.

“Dada yangu, huu hauvuliwi. Nimezaliwa nao.”

Uso uliniwaka moto. “Samahani sana. Nilidhani ni wa bandia.”

“Cha bandia hapa ni kiatu. Muuzaji aliniapia kuwa ni ngozi. Nimekivaa ili mama yangu asiseme mwanawe amerudi kama mtu aliyetoroka kazini, na sasa kimenila kisigino mpaka naona nyota mchana.”

Halafu akacheka. Kicheko chake kilianzia mbali, kikaja taratibu, kikafika kikiwa kikubwa kuliko nilivyotegemea, na mimi niliyekuwa natafuta shimo la kuingia nikajikuta nacheka naye.

“Na huyo mama yako anakaa wapi?”

“Hapa. Hii ni nyumba ya mama yangu. Swali ni wewe unayevua watu miguu kwenye ngazi za kwetu. Wewe ni nani?”

Kicheko kilinikauka mdomoni.

Niseme nilivyofika pale. Karakana yetu ya nyumbani na karakana moja ya nchi ile ya ugenini zilikuwa zimeanza kubadilishana mafundi: wao wanaleta mtu kwetu ajifunze tunavyotengeneza mikono, sisi tunapeleka mtu kwao akajifunze miguu. Nilikuwa nimetoka chuoni juzi juzi, na mpaka leo najiuliza kwa nini walinichagua mimi. Mguu wa kwanza niliotengeneza kule, kuanzia plasta mpaka skrubu ya mwisho, ulikuwa wa mama mmoja mwenye nyumba ya wageni milimani. Kisukari kilikuwa kimemchukua mguu wa kulia, chini ya goti. Tulizoeana. Siku alipokuja kuuchukua, alimwambia mkuu wa karakana, mwanamke mnene mwenye mizaha ambaye wote humwita Mama Plasta, “Huyu mtoto naondoka naye. Tangu aje ameona kuta zako tu. Mwache akapumzike kwangu, Jumapili utakuja kumchukua.”

Karakana ile ilikuwa na desturi mbili ambazo kwetu sikuzikuta. Kwanza, fundi aliyechukua umbo la kigutu chako ndiye anayetembea nawe mara ya kwanza nje, penye mawe na mteremko, mbali na vyuma vya kushikilia. Pili, mguu wa mtu hautajwi mbele ya yeyote, awe mume, awe mtoto, mpaka mwenyewe autaje. “Mtu kaondolewa mguu bila mguu kuulizwa,” Mama Plasta aliniambia. “Basi angalau yeye aulizwe nani ajue.”

Na mama mwenye nyumba hakuwa amemwambia mwanawe. Mwana huyo, kifungua mimba na kifunga mimba, alikuwa akijenga madaraja mbali sana. Mwaka mzima walizungumza kwa simu, na mwaka mzima mama alisema, “Mimi mzima, baba, mzima kabisa.” Alikuwa aje Jumapili. Jumamosi yote tulipanga kufanya mazoezi, ili kesho yake mama akamlaki langoni kwa miguu miwili.

Na sasa mwana ndiye huyu, siku moja kabla, na mama yake yuko chumba cha nyuma, mguu umeegemezwa ukutani kama mwavuli.

“Mimi ni mgeni wa mama,” nikasema, kwa sauti ya kufika chumba cha nyuma. “Kumbe wewe ndiye mwanawe! Umekuja leo!”

Ndani kitu kikaanguka kwa kishindo.

“Mama!” akaita, akakanyaga ngazi ya kwanza.

Nilimshika mkono. Sikufikiri, nilimshika tu. “Ngoja! Utaingia kwenye zulia la watu na damu kisigino?”

“Mama yangu hajaniona mwaka mzima.”

“Sasa ndiyo akuone unachuruzika? Kaa nikuoshe. Ni dakika tu.”

Aliutazama mkono wangu juu ya mkono wake. Akakaa.

Nikaleta beseni la maji ya uvuguvugu na kitambaa. Nimeshika nyayo nyingi maishani mwangu, za mpira, za mbao, za plastiki, zimepangwa rafuni kama viazi. Huu ulikuwa na joto. Ulikuwa na mshipa uliopiga pembeni ya kifundo, na vidole vilivyojikunja kwa aibu nilipovigusa. Nilijiambia, wewe ni fundi, osha kidonda. Nikaosha polepole kuliko kidonda kilivyohitaji.

“Mkono wako mwepesi,” akasema.

“Usizungumze. Itauma zaidi.”

“Nikizungumza kisigino kinauma zaidi?”

“Ndiyo. Ni sayansi.”

Akacheka tena. Kutoka ndani ukasikika mlio: tak. Tak, tak. Ilikuwa pini ya mguu ikiingia kwenye kufuli lake. Niliujua mlio ule kama mama anavyojua kikohozi cha mtoto wake, na moyo wangu ukawa unalia nao.

“Nini hicho?”

“Nyumba za zamani,” nikasema, “zina mambo yake.”

“Nani huyo anayekanyaga ngazi zangu kama askari?” Sauti ya mama ilitoka sebuleni sasa, imara, na nikashusha pumzi.

Tulimkuta kwenye kiti kikubwa karibu na dirisha, gauni refu limefika vifundoni, viatu viwili vimepangwa sawa chini yake. Mwanawe alipiga magoti, akalaza kichwa mapajani mwake, mwanamume mzima na mabega yake. Paji la uso lilitua juu ya goti la kulia. Chini ya goti lile ilianza kazi ya mikono yangu. Alikuwa ameegemea kitu nilichokipiga msasa mimi, usiku na mchana nikikiombea, na hakujua. Nilisimama mlangoni na beseni mkononi.

“Mbona husimami, mama? Huko nyuma ungekuwa umeshaniburuta jikoni.”

“Goti linanisumbua. Nimekatazwa kusimama leo. Nenda kachemshe chai, unieleze hilo daraja lako. Na usiunguze sufuria yangu.”

Alipoondoka, mama alinivuta kwa kola ya shati.

“Umemwambia?”

“Hapana, mama.”

“Usimwambie. Sitaki ajue kwa maneno. Maneno yatasema mama yako amekatwa mguu. Mimi nataka macho yake yaone mama anakuja. Mpaka kesho asubuhi tu. Niahidi.”

“Mama, akiniuliza je?”

“Ndiyo maana nakuomba uniahidi. Asingekuuliza, ningekuahidisha nini?”

Nikaahidi.

*

“Mpeleke mgeni akaone mawingu,” mama alisema tulipomaliza chai. “Amekuja nchi ya watu, asirudi akasimulia plasta.”

Mjenzi wa madaraja alivaa ndala za mama yake, akanitangulia kwenye njia ya nyuma ya nyumba. Tulipanda kati ya miti mirefu iliyonyooka, kimya, nyasi zikitulowesha miguu. Nilikuwa naangalia tulikotoka, nikihofia mama asije akajaribu kusimama peke yake, kwa hiyo sikuona tulikofika mpaka yeye aliposema, “Simama hapo. Sasa geuka.”

Nikageuka.

Bonde halikuwepo. Pale ambapo jana jioni niliona mashamba na barabara na paa za mabati, palikuwa na mawingu tu, meupe, mazito, yamejaa kutoka kilima hiki hadi kilima kile kama maziwa kwenye bakuli. Jua lilikuwa limeyamwagikia juu. Yalikuwa yakitembea, lakini polepole, yakipanda ukingo wa mlima, yakichungulia, yakirudi. Vilele vya mbali vilitoka humo vikiwa vyeusi, kimoja kimoja, na hapakuwa na sauti yoyote ya binadamu. Mimi ni mtu wa mjini, wa vyumba vyenye feni na kelele za msasa wa umeme. Sikujua kwamba dunia hufanya mambo kama haya asubuhi bila kumwambia mtu.

Machozi yalinitoka. Nikaona aibu.

“Usifute,” akasema taratibu. “Mimi nimezaliwa hapa na bado yananitoa. Ukiona mtu amefika hapa akatoa simu kwanza, huyo mwogope.”

Simu ilikuwa mfukoni mwangu, vidole vimeshaigusa. Nikaiacha.

Tukakaa juu ya jiwe. Akanieleza kwamba chini ya mawingu yale kuna mto, na alipokuwa mdogo baba yake alimvusha mgongoni kila siku kwenda shule. Ndiyo maana alijifunza madaraja.

“Watu wanadhani daraja linapigana na mzigo,” alisema. “Halipigani. Mzigo unataka kushuka ardhini, basi. Kazi yangu ni kuuonyesha njia nzuri ya kupita.”

Nilimgeukia kwa mshangao. “Hayo hayo ndiyo tunayoambiwa karakana! Uzito wa mtu lazima upate njia ya kufika chini bila kumuumiza. Ukikosea kidogo tu, mwili mzima unalia.”

“Basi na wewe unajenga madaraja. Ya mtu mmoja mmoja.”

Hakuna aliyewahi kuniambia kitu kama hicho. Nyumbani, shangazi yangu akiulizwa kazi yangu husema, “Yuko hospitali,” akabadilisha mazungumzo. Nilimwangalia mwanamume yule, nywele zake zimeshika matone madogo ya ukungu, na naye akaniangalia, na hatukuharakisha kuangalia pengine. Mawingu yalikuwa yamefika miguuni petu. Kama angeniambia tuyakanyage tuvuke, ningenyanyua mguu.

Ndipo akauliza.

“Fundi. Mama yangu ana nini?”

Nikayageukia mawingu.

“Mwanamke aliyekuwa akinipokea barabarani leo hasimami. Na nyumbani kwake namkuta mtengeneza miguu. Mimi si mtoto. Ni goti kweli?”

“Muulize mwenyewe.”

“Nimemuuliza, kanipa chai. Nakuuliza wewe.” Aliokota kijiti, akakivunja. “Nikwambie kitu. Baba alipougua, niliambiwa ana homa ya kawaida, nisiache mtihani. Kila nikipiga simu, homa. Wajomba, majirani, wote homa. Nilipofika nilikuta viti vya matanga vimeshakunjwa. Mama nilimsamehe, kwa sababu ni mama, nitampeleka wapi? Lakini wale waliosaidia kunificha, mpaka leo sikai nao meza moja. Nimejaribu, siwezi. Kwa hiyo niambie. Ndiyo au hapana tu. Mama yangu anaumwa?”

Upepo ulipita. Ilikuwa rahisi sana. Neno moja tu, na ningeendelea kukaa juu ya jiwe lile karibu naye, na labda mkono wake ungekuja ukakaa juu ya wangu. Nilimwona mama akinishika kola. Macho yake yaone mama anakuja.

“Sitajibu,” nikasema.

“Hutajibu au hujui?”

“Sitajibu.”

Aliinuka, akapangusa suruali yake. Uso uliokuwa wazi muda wote ule ulifungwa kama dirisha. Alisema kwa adabu, na adabu ile ilinichoma kuliko matusi, “Tushuke, mgeni. Ukungu ukipanda njia inateleza.”

Asubuhi yote alikuwa ananiita fundi.

*

Mchana ule hakunisemesha ila “karibu chakula” na “asante.” Jioni mapema simu yangu ililia. Alikuwa shangazi.

“Nasikia mwanamume anakohoa hapo.”

“Ni mtoto wa mwenye nyumba, shangazi.”

“Watoto wa wenye nyumba ndio hao hao. Sikiliza, mwanangu. Tumekutuma ukajifunze miguu ya watu, usituletee na mwenye miguu. Ndoa za kupanda ndege sisi hatuna nauli nazo. Tukitaka kukugombeza tukupate wapi?”

“Shangazi, huyo mtu hata hanitaki.”

“Eh. Kumbe limeshafika huko,” akasema, sauti imelainika. “Pole, mama. Kunywa maji ulale.”

Sikunywa maji. Nilikwenda chumba cha nyuma, nikamkuta mama amekaa kitandani amevua mguu, anakipaka kigutu mafuta. Mwanawe alikuwa nje anapasua kuni kwa hasira. Shoka lilisikika hadi humo ndani.

“Mwambie leo, mama. Nakuomba. Mimi amenichukia, sawa, mimi napita. Lakini anateseka.”

“Anateseka, najua. Namsikia kwenye kuni.” Aliendelea kupaka. “Nilimficha ya baba yake, nikakosea. Nilikuwa mwoga. Hii siifichi kwa woga. Unajua siku nilipozinduka hospitali, kila aliyeingia alitazama wapi? Shuka. Pale shuka lilipolala bapa, bila mguu. Hakuna aliyeniangalia uso. Dada zangu wa tumbo moja! Mwanangu huyu simpi shuka. Akishaliona hilo, hatakiona kingine mpaka nife, atakuwa ananibeba kama yai.”

Nilikaa chini, karibu na mguu wake.

“Na kuna la pili,” akasema. “Kesho, tukitoka pale mlangoni, usinishike.”

“Mama, changarawe ile mbaya. Mazoezi yenyewe leo hatukufanya.”

“Usinishike hata nikiyumba. Hata nikianguka, nianguke, niinuke mwenyewe. Ukinishika mbele yake, atakachokumbuka ni mkono wako.”

“Kazi yangu ni kukushika!”

“Kazi yako ulishaifanya. Au huuamini mguu wako?”

Nilitaka kusema nauamini. Lakini mimi ni fundi mchanga, na mguu ule ulikuwa wa kwanza. Nilikuwa nimeujaribu kwenye sakafu ya karakana, kati ya vyuma viwili, si kwenye kilima. Nje shoka likatua, kuni ikapasuka.

“Nimekuahidi,” nikasema.

Mama alinishika kidevu. “Na wewe sikukuahidisha kitu kuhusu huyu mpasua kuni. Mgeni siku mbili, wanasema. Sikutaka mwanangu apende mtu wa kuondoka Jumapili. Nilipowaona mnashuka kule juu leo, mmenuna nyote wawili, nikasema basi, nimechelewa. Watu wasiopendana hawanuni hivyo.”

*

Jumapili ukungu ulikuwa umeondoka kabisa. Bonde lilionekana lote, na mto, na barabara ikipanda kuja kwetu. Mama alimwamuru mwanawe akasimame langoni.

“Kwa nini?”

“Kwa sababu jana ulikuja kabla ya wakati, hukunipa nafasi ya kukupokea. Nenda katoke, uje upya.”

Alinitazama mimi. Nikaangalia chini. Akaenda.

Tak. Tak, tak. Pini iliingia. Niliikagua, nikavuta, nikazungusha; imeshika. Mama alijifunga kitambaa chake kizuri kichwani, akapaka midomo rangi, akajitazama kwenye kioo.

“Twende,” akasema.

Mlango ulipofunguka, mwanawe alikuwa ameegemea nguzo ya lango, mikono mfukoni. Mama alishika nguzo ya baraza, akashuka ngazi, mguu mzima ukafuata wa bandia. Gauni lilikuwa limefupishwa kwa pini hadi magotini. Alilifupisha kwa makusudi. Chuma kilichokuwa chini ya goti kilipokea jua.

Mjenzi wa madaraja alijitoa kwenye nguzo. Mikono ilitoka mfukoni.

Mama aliiachia nguzo ya baraza.

Nilitembea kando yake, nyuma kidogo, kama nilivyofundishwa. Mikono yangu ilikuwa inatangulia kila anapoyumba, kama mbwa wanaovuta kamba, na mwishowe nikaifunga nyuma ya mgongo, kiganja kikibana kiganja. Changarawe ililia chini ya ule unyayo wa mpira. Hatua. Hatua. Nilikuwa napumua naye. Nilikuwa nimeona mawingu jana nikadhani nimeona kila kitu. Sikuwa nimeona mwanamke anayejifunza ardhi upya mbele ya mtoto ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kutembea.

Katikati ya uwanja, ncha ya kiatu ikanasa kwenye jiwe.

Aliinama mbele. Mikono yake ilipaa hewani ikitafuta kitu, na kitu cha karibu kilikuwa mimi.

“Mshike!” mwanawe alipiga kelele, tayari anakimbia. “Mshike! Dada, mshike, una moyo wa jiwe?”

Niliuma mdomo mpaka nikaonja damu. Viganja vyangu vilibanana mgongoni, na sikuviachia.

“Wewe simama hapo hapo!” mama akafoka, kichwa chini, mikono imetanuka, mguu wa bandia umetangulia umekaza. Mwanawe akasimama kama aliyefika mwisho wa kamba. Uzito wa mama ulikuwa unatafuta njia. Nikauona ukitafuta, ukipita nyonga, ukipita goti, ukiingia kwenye kile kikombe cha kushika kigutu nilichokipiga msasa, ukishuka kwenye chuma, ukisita. Ee Mungu. Ukafika chini.

Mama akajinyoosha. Akarekebisha kitambaa chake kichwani kwanza. Halafu akatembea hadi kwa mwanawe, akamwekea mkono shavuni.

“Karibu nyumbani, baba,” akasema. “Mguu nilikatwa, nikapata mwingine. Mengine tutazungumza kwenye chai.”

Alilia, yule mwanamume. Alilia kwa sauti, bila kujificha, kichwa begani kwa mama yake, na mama akampigapiga mgongoni huku akinikonyeza. Mimi sikusogea. Nilibaki pale uwanjani peke yangu na mikono yangu nyuma.

Alipoinua uso, aliniona.

“Ulijua,” akasema.

“Nilijua.”

“Jana nilikuuliza. Nikakwambia ya baba yangu, kitu ambacho simwambii mtu.”

“Uliniambia.”

“Na sasa hivi. Angevunjika shingo mbele yako.”

“Nilimwahidi nisimshike.”

“Ungemwacha aanguke?”

Ningeweza kusema nilijua haanguki. Lingekuwa neno zuri, la fundi anayejiamini, na lingenisafisha mbele yake. Lakini sikujua.

“Ningemwacha,” nikasema. “Halafu nisingejisamehe mpaka nizeeke. Lakini ningemwacha.”

Aligeuza uso akaangalia barabara, kule gari la Mama Plasta lilipokuwa limeanza kuonekana, dogo, likipanda kona kwa kona kuja kunichukua. Nikajiambia, basi. Ndiyo bei yake. Nenda kafunge begi lako.

“Jua kali,” mama akasema. “Narudi ndani.”

Mwanawe alirukia kumshika kwapani. Mama akampiga kofi mkononi, pa!

“Hata wewe.”

“Mama, kile kijiwe—”

“Nimekiona kijiwe. Kipo kule kule. Nitakipita.”

Akageuka na kuanza kutembea. Mjenzi wa madaraja alibaki mikono imetanuliwa hewani. Alimtazama mama yake akienda peke yake kwenye changarawe, kisha akanitazama mimi. Alinitazama muda mrefu, jinsi mtu anavyotazama kitu ambacho anapaswa kukivuka na hajui kama kitambeba.

Kisha taratibu, kama inayomuuma, akaivuta mikono yake, akaifunga nyuma ya mgongo. Akaja kusimama upande wa pili wa mama yake, akafuatisha hatua zake.

“Akiyumba upande wangu,” akaniambia, sauti bado ina machozi, bila kunitazama, “mimi nifanye nini, fundi?”

“Hakuna,” nikasema. “Tembea tu.”